Kurekodi shoo ya roki nzito laivu hapa Mombasa, kuanzia nyaya mpaka feili la mwisho

Kila bendi ya roki ikipiga hapa pwani utamkuta mtu kachomeka fleshi kwenye mixa, kabonyeza rekodi, na kesho yake aituma kwa grupu ya WhatsApp asema shoo ndio hii. Ukifungua wasikia mwimbaji yuko mbele peke yake kakauka, dramu ziko mbali, gita karibu hakuna, na wale watu waliokuwa wakipiga mayowe mpaka koo zikakauka hawapo kabisa. Bendi inasikiza inavunjika moyo, inadhani ilipiga vibaya. Haikupiga vibaya, ni njia ya kurekodi ndio ilikuwa mbovu, na hiyo njia ndio nataka tuipange hapa vizuri, manake bendi za roki kwetu ni chache na shoo zao ni chache, kila moja inastahili kubaki.

Kwanza elewa kwa nini fleshi ya mixa yakudanganya. Kwa ukumbi mdogo wa watu mia au mia mbili, ampu ya gita peke yake yatosha kujaza chumba na dramu hazihitaji spika hata kidogo. Kwa hivo fundi wa sauti hasukumi gita kwa spika, saa zingine feda yake (kile kitelezi cha sauti kwenye mixa) iko chini kabisa, anachosukuma ni mwimbaji asizame. Mixa inatoa tu kile kinachopungua chumbani. Ukirekodi hicho umerekodi nusu ya shoo, na ndio ile nusu isiyo na roki ndani. Bendi ya hoteli haipatwi na hili sana kwa sababu kinanda, gita na kila kitu kinapitia kwa mixa kwa sauti ya wastani, lakini bendi yenye ampu mbili za gita zimefunguliwa na mpiga dramu anayepiga kwa bega lote, hapo fleshi haiwezi.

Dawa yake ni mambo mawili yaende pamoja: kila ala ipate treki yake (irekodiwe peke yake) kabla haijaguswa na feda wala EQ ya fundi (vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito na kali), na chumba pamoja na watu wapate maiki zao wenyewe. Mengine yote chini hapa yatoka kwa hayo.

Mahali

Nenda ukaone ukumbi kabla ya siku, na uende saa ileile shoo itakayokuwa. Piga makofi mara moja katikati usikize mwangwi.

Mimi nikipewa nichague, nachagua banda la makuti. Zile baa na mikahawa ya Bamburi, Shanzu, Mtwapa yenye paa la makuti na pande wazi, hizo ni zawadi kwa mtu wa kurekodi roki. Makuti yamelaliana tabaka kwa tabaka, yanameza sauti za juu, na kwa vile pembeni hakuna ukuta sauti nyingi inatoka inaenda zake, hairudi kukuchafulia. Dramu zinasikika kavu na nzito, matoazi hayakuchomi masikio, na kelele za watu zinakuja za kweli kabisa. Ukitia maiki mbili za chumba pale utapata kitu ambacho studio nyingi zingelipia. Shida yake ni kwamba kwa vile pande ziko wazi kelele za barabara pia zinaingia, tuktuk, boda, honi ya matatu, lakini bendi ikishaanza hayo yote yanafunikwa, yatakusumbua tu kati ya wimbo na wimbo, na hapo sioni ubaya wake.

Ukumbi wa zege wenye vigae chini na vioo upande mmoja ndio mgumu. Sauti inagonga inarudi, sneya (ile dramu ya mlio mkali) inageuka mlio mrefu. Hapo omba mapazia yafungwe yote, tandika zulia zito chini ya dramu (mkeka pia wasaidia kidogo lakini zulia ndio haswa), weka shuka nene au magodoro nyuma ya mpiga dramu, na usiwe na hofu sana manake watu wakijaa miili yao inakula mwangwi mwingi, chumba kitupu cha saa kumi jioni si kile cha saa nne usiku. Maiki za watu usiziweke karibu na kioo.

Nje kabisa, mfano upande wa Mama Ngina karibu na mkondo wa bahari, adui ni upepo. Kusi ikivuma, maiki isiyo na kofia ya manyoya inanguruma tu, sponji ile nyembamba haitoshi. Vaa maiki za watu kofia nzito, kata chini ya hezi 100 kwenye hizo treki, na uzigeuze ziupe upepo mgongo. Meli zinapita pale karibu sana na zikipiga honi utaipata kwa rekodi, mimi ningeiacha, ndio Mombasa hiyo.

Alafu adhana. Saundicheki nyingi, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo, zaangukia kati ya alasiri na isha, na karibu kila mtaa kisiwani una msikiti wa kusikika. Pangeni ratiba na bendi mapema: maghrib ikifika ampu zinazimwa, watu wanaenda kuswali au wanakaa kimya, na wewe watumia nafasi hiyo kufunga nyaya kwa tepu na kuandika majina ya treki. Bendi ya kutoka Nairobi isiyojua mwambie kiongozi wao tangu asubuhi kwa upole, isiwe jambo la kukatizana katikati ya wimbo.

Ruhusa usiiache nyuma. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mwanamuziki haki juu ya onyesho lake, kulirekodi bila idhini yake ni kosa, kwa hivo andikeni karatasi moja fupi: nani anamiliki rekodi, nani atauza, pesa itagawanywa vipi, na nyimbo za watu wengine wakizipiga zitaombewaje leseni. Mwenye ukumbi awe na kibali chake cha kelele, manake zipo kanuni za kelele za 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na askari wakija saa tano kuzima shoo rekodi yako inaishia hapo. Mlangoni bandikeni karatasi kwamba usiku huu kunarekodiwa.

Stima

Hapa nasisitiza. Stima ikikatika sekunde moja tu, mixa ya kidijitali inazima na kuwaka tena inachukua muda, na feili lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika. Laptopu ina betri yake lakini mixa haina. Nunua au azima UPS ndogo (betri ya akiba), mixa na chombo cha kurekodi viwe juu yake, ampu za gita ziache zisiingie hapo zitaimaliza. Kama kuna jenereta uliza inawaka yenyewe au mtu ndio huenda kuivuta, na kama ni mtu, mjue ni nani na atakuwa wapi.

Mlio wa mmmm kwenye spika ni umeme wetu wa hezi 50 na marafiki zake wa 100 na 150. Mara nyingi unatoka kwa steji kutumia soketi ya upande mmoja na mixa kutumia ya upande mwingine. Vuta zote kutoka soketi moja kwa waya mrefu mzuri. Ukiwa bado wasikia, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye kisanduku cha DI (kile kinachopeleka ala kwa mixa moja kwa moja bila maiki). Kamwe usikate ile pini ya ardhi ya plagi, mpiga gita ameshika nyuzi za chuma na mdomo wake uko kwenye maiki ya chuma, na hapa watu wanatoa jasho, hilo linaua. Taa zenye dima nazo zinatia mlio, ziwe na soketi yao mbali.

Vyombo, kulingana na mfuko

Kama huna kitu, kuna njia ndogo ambayo yafaa kabisa. Chukua rekoda ya mkononi yenye maiki mbili juu na matundu mawili ya XLR (ya waya wa maiki wa pini tatu) chini, kama Zoom H4n au H5. Maiki zake mbili zinashika chumba, matundu mawili yanapokea kutoka mixa. Lakini usimwombe fundi ile miksi ya spika, mwombe akutengenezee aux mbili (njia za pembeni za kutoa sauti kwa mixa): moja sauti za waimbaji pekee, nyingine kiki (dramu kubwa ya mguu) na besi. Gita na matoazi yataingia kwa maiki za juu bila kuombwa. Ukirudi nyumbani una treki nne unazoweza kuzipanga upya, na hiyo peke yake inapita fleshi mara kumi. Waya wa mixa una nguvu sana kwa rekoda, washa ile swichi ya PAD (ya kupunguza nguvu inayoingia) kama ipo la sivyo sauti itapasuka.

Rekoda iwe katikati ya ukumbi kushoto na kulia, mbele kidogo kuliko unavyodhani, urefu wa mita mbili na nusu hivi juu ya vichwa vya watu, stendi imefungwa kwa nguzo. Isiwe chini ya feni. Nasema hivi kwa sababu kumbi zetu nyingi zina feni za dari, na upepo wake kwenye maiki wafanya mapigo ya fu fu fu ambayo hayatoki tena.

Njia kamili ni mixa ya kidijitali inayotoa kila chaneli kwa USB. Behringer XR18 inatoa treki 18 kwa laptopu, X32 inatoa 32, na Soundcraft Ui24R yaweza kuandika treki 22 kwa fleshi bila laptopu. Mafundi wengi wa kukodisha saundi hapa washakuwa na moja ya hizi, uliza tu, waweza kukuta chombo kiko na hakuna aliyewahi kukitumia kurekodi. Kwa kurekodi kwa laptopu programu ya Reaper yatosha na ni nyepesi kwa laptopu ya zamani. Ndani ya mixa hakikisha USB inachukua sauti kabla ya EQ, kabla ya kompresa (kibana sauti), kabla ya feda. Fundi akipandisha mwimbaji kwa spika isikuguse wewe. Fundi mwenyewe mheshimu, kaa naye, mpe soda, mweleze wataka nini, manake usiku ule yeye ndio atakuokoa au kukuangusha, na watu waliokuja wamelipia kusikia spika, hawajalipia rekodi yako.

Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, walipokwenda kurekodi Osaka na Tokyo Agosti 1972 mashine yao ilikuwa ya treki 8, na ile rekodi, Made in Japan, hadi leo watu wa roki waipima nyingine kwayo. Walirekodi usiku tatu wakachagua. Kwa hivo treki 16 ni utajiri, na kama bendi inapiga Ijumaa na Jumamosi, rekodi siku zote mbili.

Mpango wangu kwa bendi ya gita mbili, besi na dramu: kiki, sneya, tomu mbili, maiki mbili za juu ya dramu, besi ya DI, besi ya maiki, gita la kushoto, gita la kulia, waimbaji watatu, watu wawili. Hizo ni 15. Kwa ubora wa kidijitali wa biti 24 na kilohezi 48 treki moja yala kama MB 8.6 kwa dakika, zote 15 zakula karibu GB 8 kwa saa, kwa hivo diski yenye GB 64 wazi yatosha shoo na saundicheki yake. Tumia kilohezi 48 usitumie 44.1, manake kamera za video ziko 48 na lazima mtu atataka video.

Maiki moja moja

Gita ndio roho ya mziki huu, kwa hivo tukae hapo kidogo. Shure SM57 ama maiki ya aina hiyo, sentimita mbili tatu kutoka kitambaa cha ampu. Washa tochi ya simu uone koni ya spika iko wapi, alafu elekeza maiki pale kofia ya katikati inapokutana na koni. Ukisogea katikati sauti inakuwa kali ya kuchoma, ukienda nje inakuwa nzito na butu, sentimita moja tu inabadilisha kila kitu, na huko kusogeza ndio EQ yako ya kwanza na bora kuliko zote. Usitegemee kurekebisha baadaye.

Mwombe mpiga gita apunguze distoshen (ule mkwaruzo wa gita) kidogo kuliko anavyopenda chumbani kwake. Atakataa, mrekodie sekunde thelathini za namna zote mbili mpe hedifoni asikize mwenyewe. Distoshen nyingi inakula mapigo ya mkono, kila kitu chawa kama mvuke, na magita mawili yakiwa hivo huwezi kuyatenganisha. Uzito wa rifu (kile kipande cha gita kinachorudiwa) unatoka kwa mkono, kwa besi na kwa dramu kwenda pamoja. Na ampu ndogo iliyofunguliwa mpaka nusu inarekodika vizuri kuliko kubwa iliyobanwa kwa moja. Iinue juu ya kreti ya soda, mpiga gita aisikie masikioni badala ya kwa magoti, atapunguza mwenyewe bila kuambiwa.

Ampu zigeuzwe kidogo ndani, zisimpige mwimbaji mgongoni. Maiki ya mwimbaji ndio tundu kubwa kuliko yote kwa steji, kila anapoacha kuimba inameza matoazi. Maiki ya SM58 inakataa sauti kutoka nyuma yake moja kwa moja, kwa hivo spika ya chini (ile mwimbaji anayojisikilizia) iwe mbele ya mwimbaji sawia. Beta 58A inakataa zaidi kwa pembeni nyuma, kwa hivo spika za chini zikae kushoto na kulia kidogo. Na dramu zikiwa nyuma ya mwimbaji moja kwa moja, maiki yake yazitazama hizo dramu. Msogeze hata nusu mita upande, utasikia tofauti. Mkumbushe asiifunike maiki kwa kiganja.

Besi mpe DI na maiki zote mbili. DI ni ile chini safi, maiki ni ile nguruma. Zikiwa pamoja geuza polariti ya moja (mawimbi yake yapinduke) kwa kitufe cha fezi usikize ipi ina kifua zaidi, shika hiyo.

Dramu kama una maiki nne tu zatosha, wala usijisikie mnyonge. Njia ya Glyn Johns, yule fundi wa Uingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968: moja juu ya sneya ikitazama chini, ya pili upande wa tomu ya chini ikitazama sneya kwa juu ya ukingo, zote mbili zina umbali sawasawa kutoka katikati ya sneya, pima kwa waya wa maiki, shika mwisho mmoja kwa ngozi na uzungushe. Kisha moja ya kiki na moja ya sneya. Umbali ukiwa sawa sneya inafika kwa wakati mmoja na inakaa katikati imara. Matoazi ukiyaona yamepandishwa juu karibu na maiki zashushe maiki pole pole zielekee ngozi. Kiki tia maiki ndani ya tundu la ngozi ya mbele, na mto mdogo ndani ukigusa ngozi.

Sasa maiki za watu, ambazo kila mtu anaziacha mwisho na stendi zikiwa zimeisha. Mbili, kondensa ndogo zikiwepo (maiki nyepesi kushika sauti, zinazohitaji umeme), moja kila pembe ya steji, zimeupa mgongo mziki na kutazama umati, nyuma kidogo ya mstari wa spika ili spika zisizipige uso kwa uso. Urefu wa kichwa na nusu. Usizielekeze kwa yule rafiki wa bendi anayepiga filimbi kwa vidole mbele kabisa, utamsikia yeye tu albamu nzima. Hizi ndio zinabeba ile hali ya pale: mtu aitisha wimbo, watu waimba kiitikio, kicheko. Zifungulie tangu milango inafunguliwa mpaka mwisho. Hazigharimu kitu ila nafasi ya diski.

Kiwango cha sauti

Saundicheki mpiga dramu hapigi vile atakavyopiga saa nne usiku ukumbi umejaa. Atazidi desibeli 6, na mwimbaji atazidi zaidi. Kwa hivo vilele vya saundicheki viwe karibu na desibeli -18 kwenye mita, ili vya shoo viishie -10 au hapo. Kwa biti 24 kurekodi chini hakuna hasara, kupasuka ndio hakuna dawa. Usijaribu kusikiza ubora kwa hedifoni ukiwa kando ya steji, sauti ya desibeli 100 na zaidi inapenya kila kitu, amini mita za macho. Na vaa plagi za masikio, kwa desibeli 100 wataalamu wanakubali dakika 15 tu kwa siku bila kinga na wewe utakaa pale masaa manne.

Unyevu

Huu ni wetu sisi watu wa pwani. Maiki ya kondensa ikitoka kwa gari au chumba chenye AC ikaingia hewa ya nje, inatokwa na jasho ndani na kuanza kutoa milio ya kupasuka. Iache ndani ya sanduku lake nusu saa izoee kabla ya kuiwasha fantomu (umeme wake unaotoka kwa mixa). Weka vile vipakiti vya silika kwa kila sanduku, vikishajaa unyevu vitoe ubadilishe. Jeki na plagi zinashika chumvi, zipige dawa ya kusafisha koneksheni siku moja kabla, kila waya uutikise huku wausikiza. Tepu ya kawaida haigandi kwa sakafu yenye unyevu na mchanga, pangusa kwanza.

Usiku wenyewe

Anza kurekodi robo saa kabla ya bendi kupanda, usisubiri dakika ya mwisho. Mwombe mpiga dramu kabla ya wimbo wa kwanza apige sneya mara moja peke yake, hiyo ndio alama yako ya kulinganisha laptopu, rekoda na kamera. Kaa na karatasi uandike: saa, wimbo, kilichotokea. Gita la kushoto limekatika waya, mwimbaji amebadilisha maiki. Baadaye karatasi hiyo inaokoa masaa mengi. Usisimamishe kurekodi kati ya nyimbo.

Wakishuka, kabla hujakunja waya hata mmoja, nakili kila kitu kwa diski ya pili, fungua feili moja ulisikize mwisho wake. Diski moja ibaki na wewe, nyingine iende na mtu wa bendi kwa gari lingine. Kadi usiifute mpaka albamu itoke.

Kumiksi

Pumzika siku mbili tatu masikio yatulie. Ukianza, usianze na kiki kama studio. Fungua maiki za watu na za juu ya dramu kwanza, hicho ndio chumba, sikiza wimbo mzima hivo hivo. Kisha ongeza vya karibu kimoja kimoja mpaka kila kitu kiwe na ukingo. Kwa njia hii rekodi inabaki mahali pamoja. Ukijenga na maiki za karibu alafu ukamwagia watu juu, msikizaji atajua wamebandikwa.

Panga muda. Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde, yaani kila mita yala kama milisekunde 2.9. Rekoda iliyo mita 15 kutoka dramu iko nyuma milisekunde 43, na hiyo inasikika kama sneya mbili. Vuta treki za rekoda mbele mpaka ile sneya ya alama ilingane, kisha rudisha nyuma kidogo kwa sikio mpaka upate ukubwa wa chumba bila pigo la pili. Na kama ulitumia vyombo viwili tofauti, saa zao za ndani hazitembei sawa, wimbo wa kumi utakuwa umeachana, kwa hivo kata kila wimbo uulinganishe upya.

Magita moja kushoto moja kulia, yaende mbali kabisa. Maiki za waimbaji usizizime kabisa wakinyamaza, zishushe desibeli 6 au 8, manake zina matoazi ndani na ukizizima ghafla dramu zote zinabadilika rangi. Kompresa kiasi. Rivabu (mwangwi wa kutengeneza) fupi sana au usiweke, una chumba cha kweli tayari. Watu wapandishe desibeli 4 au 5 kati ya nyimbo, polepole, na uwashushe bendi ikianza, isisikike mkono.

Wimbo ukienda kasi mwishoni acha uende, roki laivu inakimbia. Sauti iliyotetereka kwa noti moja acha. Kurudia vitu studio ni ubishi wa zamani sana, albamu ya laivu ya bendi ya Thin Lizzy ya 1978 mpaka leo yabishaniwa, produsa Tony Visconti alisema sehemu kubwa ilirudiwa na wenyewe bendi wakakataa. Msimamo wangu: kama treki ya mwimbaji ilikatika kwa sababu ya waya, chukua mstari huo kutoka usiku wa pili. Kurudia shoo nzima ukiwa umekaa kitini Tudor alafu uite laivu, mimi sikubali.

Kwa feili la mwisho, limita (kizuizi cha vilele) isivuke desibeli -1, na usibane mpaka mawimbi yawe tofali, Spotify inashusha kila kitu kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa hivo kubana kwako hakukupi nguvu yoyote, kunakula sneya tu. Albamu ikate pale watu wanaposhangilia, bila kufifisha, wimbo mmoja uingie mwingine bila pengo. Toa WAV ya biti 24, MP3 tengeneza kutoka hiyo.

Bendi wape miksi na pia treki zote mbichi kwa diski yao, na ndani yake feili dogo la maandishi: tarehe, ukumbi, nani alipiga nini, maiki gani ilikuwa wapi, kilohezi ngapi. Wakiamua kuimiksi upya na fundi mwingine atakuwa na pa kuanzia.